Je, Kunyamaza Ni Kutopendelea? Tafakuri Juu ya Namna Tunavyoijadili China



Katika vyuo vyetu hapa Uganda, China inazungumzwa sana siku hizi. Inazungumzwa kwenye mihadhara ya uchumi, kwenye semina za historia, kwenye makongamano ya siasa za kimataifa, na hata katika vikao vyetu vya jioni baada ya swala ya isha. Sababu haijifichi. Barabara ya mwendo wa haraka ya Kampala hadi Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2018, ilijengwa na kampuni ya China kwa mkopo wa benki ya China. Bwawa la umeme la Karuma lenye uwezo wa megawati 600 nalo ni hivyo hivyo. Wenzetu kadhaa wamekwenda huko kusomea udaktari na uhandisi kwa ufadhili, na wengine wanasubiri majibu. Mtu humjadili jirani anayemwona kila siku.

Swali ninalotaka kuliweka mbele yako si kama China ni nchi njema au mbaya. Nchi yenye watu wapatao bilioni 1.4 na maandishi ya zaidi ya miaka elfu tatu haiwezi kutiwa ndani ya neno moja. Swali langu ni la kimaadili, na linatuhusu sisi tunaokaa kwenye viti vya semina. Mwenye elimu anapojadili hadharani habari za taifa lenye nguvu, taifa ambalo linamfaa, ana wajibu gani juu ya ukweli? Na akiamua kunyamaza juu ya jambo zito, je, amekaa pembeni, au ameshachukua upande bila kusema?

Habari tatu tamu

Nimehudhuria mijadala mingi ya namna hii, na nimeona kwamba inapowahusu Waislamu haikosi habari tatu.

Ya kwanza ni ile kauli maarufu ya kuhimiza kutafuta elimu hata kama ni China. Msemaji huitaja kama hadithi ya Mtume (SAW), ukumbi ukaitikia, na mjadala ukaanza kwa bashasha. Lakini sisi tunaosoma elimu ya hadithi tunajua hali yake. Al-Bayhaqi alisema maneno yake ni mashuhuri lakini isnadi yake ni dhaifu, na Ibn al-Jawzi aliiweka katika kitabu chake cha hadithi za kuzuliwa. Maana yake ni nzuri, tena hakuna anayekataa ubora wa kusafiri kwa ajili ya elimu. Ila uzuri wa maana haumpi mtu ruhusa ya kumnasibishia Mtume asichokisema.

Ya pili ni kaburi la Guangzhou. Waislamu wa kusini mwa China wamelitunza kwa vizazi vingi kaburi linalosemwa kuwa ni la sahaba Saad bin Abi Waqqas (RA), na inasimuliwa kwamba yeye ndiye aliyeupeleka Uislamu huko. Vitabu vyetu vya wasifu wa masahaba vinasema Saad alifariki karibu na Madina na akazikwa Baqii. Lililo thabiti zaidi ni kwamba kumbukumbu za utawala wa Tang zinataja ujumbe wa Waarabu uliofika mwaka 651, zama za Khalifa Uthman (RA). Hilo peke yake ni jambo kubwa, maana linaonyesha kwamba haijatimia miaka ishirini tangu Mtume kufariki, habari za Waislamu zilikuwa zimeshaandikwa katika jumba la mfalme wa China. Ukweli huo unatosha bila kuongezwa kaburi.

Ya tatu ni Zheng He, amiri wa bahari aliyezaliwa Yunnan katika ukoo wa Kiislamu mwaka 1371, akaongoza safari saba kati ya mwaka 1405 na 1433, na merikebu za msafara wake zikafika pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa Ming. Habari hii inapendwa na pande zote mbili. Serikali ya China huitaja kama ushahidi kwamba yenyewe ilikuja kwa amani na haikuteka nchi ya mtu, tofauti na Wareno waliokuja baadaye. Sisi tunaipenda kwa sababu mwenye sifa ni mwenzetu. Na ni kweli kwamba Zheng He hakuweka koloni Malindi. Lakini safari ya kwanza ilibeba watu wapatao 27,000, wengi wao askari. Mwaka 1407 alimkamata huko Palembang Chen Zuyi, aliyeitwa haramia, akapelekwa China na kuuawa. Mwaka 1411 alipigana Ceylon, akamkamata mtawala wa huko na kumfikisha kwa mfalme wake, ingawa mtawala huyo aliachiwa baadaye. Anayetaja twiga na kuacha Ceylon hajasema uongo, lakini amechagua.

Nimeanza na habari hizi nyepesi kwa makusudi. Hakuna anayefungwa wala kunyimwa viza kwa kusema kwamba Saad amezikwa Madina. Kama katika jambo lisilotugharimu kitu tunashindwa kuwa wakali na habari inayotufurahisha, tutapata wapi nguvu za kuwa wakweli katika jambo linaloogopesha?

Mizani ya wapokezi

Aya ya sita ya Suratul Hujurat inatuamrisha kuchunguza habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Kutokana na amri hiyo na mfano wake, wanazuoni wetu walijenga fani nzima ya kuwapima wapokezi, al-jarh wat-taadil. Jambo linalonivutia katika fani hii ni kwamba ilianza na swali la kimaadili kabla ya kuwa swali la kitaalamu: je, kusema fulani ni mwongo, au fulani kumbukumbu yake ni mbovu, si kumsengenya? Imam Muslim alilijibu katika utangulizi wa Sahihi yake. Alionyesha kwamba kufichua aibu za mpokezi katika jambo la dini si usengenyaji ulioharamishwa, ni wajibu, kwa sababu anayenyamaza huku akijua anawaacha watu wa kawaida wapotee.

Imepokewa pia kwamba Ali bin al-Madini aliulizwa juu ya baba yake kama mpokezi. Kwanza alitaka waulizwe wengine. Waliporudia swali alisema kwamba hili ni jambo la dini, na kwamba baba yake ni dhaifu. Ndugu msomaji, hebu fikiri ugumu wa jibu hilo. Hakusema baba yangu ni mtu mbaya, wala hakumvunjia heshima ya uzazi. Alisema tu kwamba habari iliyopita kwake haiaminiki. Mizani haikubadilika kwa sababu anayepimwa ni mzazi.

Mizani hiyo ndiyo ninayotaka tuijie nayo China. Anaposema mwandishi wa Marekani, tumuulize: umejuaje, na nani amekwambia? Anaposema msemaji wa serikali ya China, tumuulize maswali hayo hayo. Yule anayekubali kila linalotoka upande mmoja na kukataa kila linalotoka upande wa pili hajachunguza kitu. Ameangalia rangi ya bendera tu.

Kura ya kukataa kuzungumza

Sasa tuingie kwenye jambo zito. Tarehe 31 Agosti 2022, Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti kuhusu jimbo la Xinjiang, kaskazini-magharibi mwa China, wanakoishi Wauighuri na Waislamu wengine. Ripoti ilisema kumekuwa na ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu, na kwamba kuwafungia watu hao kwa kiwango kile bila haki huenda kukahesabiwa kuwa ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. China iliikataa ripoti hiyo na kuijibu kwa maandishi marefu. Inasema vituo vile vilikuwa vya mafunzo ya kazi na ya kupambana na misimamo mikali, na kwamba waliokuwemo walikwisha kuhitimu kufikia mwisho wa mwaka 2019.

Tarehe 6 Oktoba 2022, Baraza la Haki za Binadamu huko Geneva lilipigia kura hoja moja. Haikuwa hoja ya kuilaumu China, wala kuiwekea vikwazo, wala kupeleka wachunguzi. Ilikuwa ni hoja ya kufanya mjadala tu juu ya ripoti hiyo. Wajumbe 17 walikubali, 19 walikataa, na 11 hawakuegemea upande. Hoja ikaanguka. Miongoni mwa waliokataa ni Pakistan, Indonesia, Qatar, Falme za Kiarabu, Senegal, Sudan na Uzbekistan. Malaysia haikuegemea upande. Katika nchi zote za Afrika zilizokuwemo, iliyokubali mjadala ufanyike ni Somalia peke yake.

Sitaki kuzitukana nchi hizo. Kila moja ina hesabu zake, na Somalia nayo ilikuwa na zake. Ninachotaka tukitazame ni sura ya tendo lenyewe. Mtu akiletewa ripoti akasema nimeisoma na siikubali kwa sababu hizi na hizi, amejadili. Akisema sijui, nahitaji muda, huyo naye ni mkweli. Lakini akisema jambo hili lisizungumzwe kabisa, ametoa hukumu. Amehukumu kwamba lolote lililowapata watu wale, liwe kweli au uongo, halina uzito wa kutosha kufungua midomo. Basi kunyamaza kwa namna hiyo siwezi kukuita kutopendelea.

Hoja za wanaonyamaza

Hata hivyo wanaonyamaza wana hoja, na insafu inataka zisikilizwe kwa nguvu zake zote.

Hoja ya kwanza ni kwamba wanaoilaumu China nao mikono yao si safi. Ni kweli tupu. Waingereza walipigana vita na China kuanzia mwaka 1839 ili biashara yao ya kasumba isizuiwe, na mwaka 1860 majeshi ya Uingereza yalichoma kasri la Yuanmingyuan karibu na Beijing. Mchina anaposikia mgeni akimfundisha haki, hukumbuka moto huo. Tena jambo wengi hawalijui: Marekani hiyo hiyo inayowatetea Wauighuri leo iliwafunga Wauighuri 22 katika gereza la Guantánamo bila mashtaka, na wa mwisho hawakutoka hadi Desemba 2013. Lakini hoja hii inathibitisha nini? Inathibitisha kwamba Marekani si shahidi tunayeweza kumwamini peke yake. Haithibitishi kwamba aliyedhulumiwa hakudhulumiwa. Kadhi akimkataa shahidi mmoja kwa uovu wake, hafungi kesi. Hutafuta mashahidi wengine. Na Muighuri aliyefungwa Guantánamo kisha nduguye akafungwa Xinjiang hapati nafuu yoyote kwa kuambiwa kwamba wafungaji wake wanachukiana.

Hoja ya pili ni maslaha. Rafiki yangu mmoja anayesubiri ufadhili wa kwenda kusomea uhandisi aliniambia tulipokuwa tukipanga mada za kikao chetu, "Ndugu yangu, mada hiyo wachieni watu wa Geneva. Sisi tunatafuta maisha." Hakulisema kwa kejeli. Mama yake ndiye aliyemsomesha kwa kuuza matoke, na mdogo wake yuko kidato cha pili akimsubiri. Mimi simlaumu. Sheria yetu inajua udhuru wa mtu mmoja mmoja, na hatukukalifishwa tusiyoyaweza. Mwenye kuogopa dhara la kweli anaweza kunyamaza na kuchukia moyoni, na Allah anaijua hali yake.

Lakini kuna tofauti kati ya udhuru na fatwa. Udhuru husema, mimi siwezi. Fatwa husema, haifai yeyote aseme. Rafiki yangu ana udhuru. Chuo kizima hakina. Jumuiya nzima ya wanafunzi wa Kiislamu haina. Serikali yenye jeshi, mabalozi na wanasheria haiwezi kujificha nyuma ya udhuru wa kijana mwenye barua moja ya maombi. Tena maslaha katika usul-fiqhi yana masharti. Al-Ghazali aliyafunga maslaha na kulinda mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Umeme wa Karuma ni mali, na ni neema. Sasa tunapoambiwa tunyamaze juu ya nafsi, dini na kizazi cha wengine ili mali yetu isalimike, tumeipindua ngazi, cha chini tumekiweka juu. Isitoshe, bwawa lile si sadaka. Ni mkopo, nasi tunaulipa. Mwenye kulipa deni hatakiwi kulipa na ulimi wake juu yake.

Hoja ya tatu inatoka kwetu wenyewe, nayo ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Kuna ndugu wanaosema kwamba mtawala hunasihiwa kwa siri, hatangaziwi makosa yake hadharani, kwa sababu kutangaza huzaa fitna. Adabu hii ina asili yake katika dini na hekima yake iko wazi. Lakini historia ya China yenyewe ina kisa kinachotufanya tuifikirie upya.

Barua ya Lushan

Mwaka 1958 Mao Zedong alianzisha Mbio Kubwa za Kwenda Mbele. Wakulima walikusanywa katika makomuni, wakaambiwa wayeyushe chuma katika tanuri za vijijini, na viongozi wa mikoa wakashindana kuripoti mavuno ambayo hayakuwepo. Serikali ilichukua nafaka kwa kufuata hesabu hizo za uongo, vijiji vikabaki na njaa.

Julai 1959 viongozi wa chama walikutana mlimani Lushan. Waziri wa ulinzi, Peng Dehuai, mtoto wa wakulima maskini wa Hunan, alikuwa ametembelea kwao na kuona hali. Hakusimama jukwaani kupiga kelele. Alimwandikia Mao barua ya binafsi, yenye heshima, akianza na mafanikio kabla ya kutaja makosa. Alifanya hasa lile ambalo ndugu zetu wanalishauri. Mao aliichapisha barua hiyo, akaigawa kwa wajumbe wote, kisha akamgeuka mwandishi wake. Peng aliondolewa uwaziri mwaka huo huo, na kampeni ya kuwasaka wenye mawazo kama yake ikaenea nchi nzima. Baada ya hapo nani angethubutu kuandika kwamba ghala ni tupu? Njaa iliendelea hadi mwaka 1961. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana, mengi yakiwa kati ya watu milioni 15 na milioni 45. Mwandishi wa habari wa Kichina, Yang Jisheng, ambaye baba yake alikufa kwa njaa hiyo, alichimba nyaraka za mikoani kwa miaka mingi na kufikia makadirio ya milioni 36. Kitabu chake kilitoka Hong Kong mwaka 2008, na China bara hakiruhusiwi.

Simtaji Peng ili kusema nasaha ya siri haina maana. Ninamtaja kwa sababu nasaha ya siri inategemea mtawala aliye tayari kusikia, na asipokuwa tayari, siri hiyo humlinda yeye tu. Njaa ile haikuletwa na ukame peke yake. Ilikuzwa na ukimya. Kila ofisa alijua sehemu yake ya uongo, na kila mmoja alikuwa na udhuru wake. Ukiziweka nyudhuru hizo pamoja unapata makaburi ambayo mpaka leo idadi yake inabishaniwa.

Waandishi wa Qi

Hoja ya nne husemwa na wasomi wa siku hizi: kwamba kudai mjadala wa wazi ni tabia ya Magharibi, na kwamba watu wa Mashariki wana maadili yao ya utulivu na heshima. Wanaosema hivi wanawadhulumu Wachina wenyewe.

Katika dola ya Qi, mwaka 548 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (AS), waziri Cui Zhu alimuua mtawala wake. Mwandishi mkuu wa kumbukumbu za dola aliandika kwamba Cui Zhu amemuua bwana wake. Cui Zhu akamuua mwandishi. Kazi hiyo ilikuwa ya ukoo, basi mdogo wake akashika kalamu na kuandika maneno yale yale. Naye akauawa. Wa tatu akaandika, akauawa. Wa nne akaandika, na Cui Zhu akamwacha. Inasimuliwa kwamba mwandishi mwingine kutoka kusini aliposikia kuwa waandishi wameuawa, alichukua vibao vyake vya mianzi akaanza safari aende akaandike yeye. Njiani akapata habari kwamba jambo limeshaandikwa, akarudi nyumbani.

Hawa hawakuwa wamesoma vitabu vya Ulaya, maana Ulaya hiyo inayosifiwa ilikuwa bado changa. Walikuwa Wachina, na walikuwa wakitetea jambo dogo kabisa: sentensi moja yenye mtendaji na mtendwa. Cui Zhu angeridhika kama wangeandika kwamba mtawala amefariki. Lingekuwa kweli vile vile. Lakini walijua kwamba ukweli uliondolewa jina la mtendaji ni namna ya kumsaidia muuaji.

Waliojadili wakafungwa

Katika zama zetu Wauighuri wana waandishi wao wa Qi. Ilham Tohti alikuwa mwalimu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Minzu, Beijing. Mwaka 2006 alianzisha tovuti ili Wauighuri na Wahan wajadiliane kuhusu ajira, lugha na mahusiano yao. Hakuwa mtu wa kujitenga na China, alitaka sheria za China zenyewe zifuatwe. Alikamatwa Januari 2014, na mwezi wa Septemba mwaka huo alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa la kutaka kuigawa nchi. Baadhi ya wanafunzi wake, vijana wa umri wetu, nao walifungwa. Rahile Dawut, profesa katika Chuo Kikuu cha Xinjiang, alikuwa bingwa wa utamaduni wa Wauighuri, akitembea vijijini kuandika habari za makaburi ya mawalii na visa vya wazee. Alitoweka Desemba 2017. Miaka karibu sita baadaye, mwaka 2023, ndipo ilipojulikana nje kwamba naye amehukumiwa kifungo cha maisha.

Insafu inatutaka tuseme na upande wa pili. Julai 2009 mji wa Urumqi uliingia katika ghasia, na kwa hesabu ya serikali watu 197 waliuawa, wengi wao Wahan. Machi 2014, katika kituo cha treni cha Kunming, watu wenye visu waliwaua raia 31 waliokuwa wakisubiri safari. Muislamu asiyeweza kulaani mauaji hayo hana haki ya kulilia wengine. Kuua abiria ni dhulma, na serikali ina haki ya kuwakamata wauaji. Lakini Rahile Dawut hakushika kisu. Alishika daftari.

Tena tuwe waangalifu na chuki. Qur'ani imetukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Mchina mwenye duka Kampala, au mwanafunzi wa Kichina tunayekutana naye maktaba, hakupiga kura Geneva wala hakujenga kambi. Wengi wao hawana nafasi ya kusoma haya tunayoyasoma sisi. Kumfokea yeye ni uoga uliovaa joho la ushujaa, maana mwenye nguvu hayupo pale. Ni afadhali umkaribishe chai, umsikilize, na umwambie unachokijua kwa upole.

Tufanye nini?

Ninapendekeza mambo matatu kwa jumuiya yetu, na si makubwa. Kwanza, katika vikao vyetu tuache kusimulia habari za China zenye isnadi mbovu, hata zikiwa zinautukuza Uislamu. Hadithi isiyothibiti isifungue kikao. Pili, mada ya Xinjiang iwekwe kwenye ratiba ya muhula, wazi, na ripoti ya Umoja wa Mataifa isomwe pamoja na jibu la serikali ya China, yote mawili. Asiyetaka kusema kwa sababu ya hali yake aketi asikilize, na asiulizwe kwa nini amenyamaza. Tatu, anayesema ataje alikoipata habari yake, kama tunavyotaja katika somo la hadithi, na kama hana, aseme hana.

Najua kuna watakaosema kwamba kikao cha wanafunzi arobaini katika ukumbi usio na kipaza sauti hakimfungulii mtu mlango wa gereza huko Urumqi. Ni kweli, hakifungui. Waandishi wa Qi nao hawakumfufua mtawala wao. Ila sisi ndio tutakaokuwa walimu, makadhi, wanasheria na mabalozi wa kesho, na siku moja mmoja wetu huenda akakaa kwenye kiti kile cha Geneva, mbele yake kitufe cha ndiyo na cha hapana. Asijifunze siku hiyo jinsi ya kuzungumza.